Kichwa Kinauma, Shingo Ndiyo Inayolia

Paukwa! Pakawa!

Leo sikuwaletea sungura wala fisi. Nimewaletea shingo. Kila mmoja wenu anayo, anaitumia kutwa nzima, na ni nadra kuikumbuka mpaka siku ikatae kugeuka. Kaeni vizuri, tuanze.

Tumtunge msichana mmoja wa Kibugu, huko Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako majani chai yanalimwa upande wa juu karibu na msitu na kahawa inashika upande wa chini. Yuko Gredi ya Nane. Jina simpi, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi, na huenda mmoja wao anasoma ukurasa huu. Anaishi na nyanya yake. Asubuhi huchota maji kabla ya kwenda shuleni, na Jumamosi huenda kutafuta kuni. Mzigo anaubeba kama wanawake wa huko walivyoubeba tangu jadi: unakaa mgongoni, na kamba yake, mukwa, inapita juu ya paji la uso. Yeye huinama mbele, akaukaza uso, akapanda kilima. Usiku anainamia vitabu. Akimaliza vitabu, anainamia simu ya nyanya.

Muhula wa kwanza kichwa kilianza kumuuma. Maumivu yalianzia kisogoni upande wa kulia, yakapanda juu, yakaja kutua nyuma ya jicho la kulia. Mwanzoni ilikuwa siku moja kwa wiki. Ikawa tatu. Ikafika mahali siku isiyo na maumivu ndiyo ikawa ya kushangaza. Alipimwa malaria, hana. Alipimwa macho, yako sawa. Nyanya alimtuma dukani kununua tembe mbili za kutuliza maumivu, na kesho yake mbili nyingine, na kesho kutwa vivyo hivyo. Shuleni walianza kusema anatafuta kisingizio cha kukwepa hesabu. Hakuna jambo linalouma kuliko kuumwa na kitu kisichoonekana, halafu ukaambiwa unadanganya.

Wala hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.1 duniani walikuwa na tatizo la maumivu ya kichwa, yaani karibu watu 4 katika kila 10. Kwa wengi maumivu huja na kupita. Madaktari husema yamekuwa sugu yakimshika mtu siku 15 au zaidi kwa mwezi, na hali hiyo ikaendelea kupita miezi mitatu.

Maumivu ya kichwa hayana sura moja. Yako yale yanayobana pande zote mbili, mtu akahisi amefungwa kitambaa kilichokazwa. Haya hufuatana sana na uchovu, wasiwasi na misuli iliyokakamaa. Kiko kipandauso, ambacho aghalabu hushika upande mmoja, kikapwita, kikaleta kichefuchefu, na mwenye kuumwa akatamani chumba chenye giza kisicho na kelele. Na yako maumivu ambayo shina lake haliko kichwani kabisa, liko shingoni. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomshika msichana wetu.

Sasa mtaniuliza: shingo iumie, kichwa kilie? Inawezekanaje?

Tuitazame shingo yenyewe. Ina pingili 7 za mifupa, zimepangwa moja juu ya nyingine. Twiga naye, pamoja na urefu wake wote, ana pingili 7 hizohizo. Zake ni ndefu tu. Juu ya pingili zako kumekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5. Pingili ya kwanza ni pete inayolishika fuvu, na hapo ndipo unapoinamisha na kuinua kichwa kusema ndiyo. Ya pili ina kijiti cha mfupa kinachochomoza ndani ya pete hiyo, na hapo ndipo unapogeuza kichwa kusema hapana. Karibu nusu ya mgeuko wote wa shingo hutoka kwenye kiungo hicho kimoja kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Nyuma yake, chini kabisa ya kisogo, kuna misuli midogo inayofanya kazi bila kupumzika kila unapokaa na kidevu mbele. Weka vidole vyako hapo sasa hivi, fuvu linapoishia. Bonyeza polepole. Ukisikia vifundo vigumu, umekutana nayo.

Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye pingili tatu za juu inapeleka habari kwenye ubongo. Mshipa mwingine mkubwa unaleta habari za uso, paji na macho. Mishipa hiyo yote haina njia tofauti hadi mwisho: inakutana mahali pamoja, chini ya ubongo, sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Watoto wa Embu wataelewa upesi. Mto Kapingazi unaingia mto Rupingazi, na yakishachanganyika, mtu anayechota huko chini hawezi kujua maji ya kata yake yametoka mto gani. Ubongo nao huchota kwenye mchanganyiko. Habari ya maumivu imetoka shingoni, lakini ubongo unaisoma kana kwamba imetoka kwenye jicho. Ndiyo maana msichana anashika paji la uso, na kumbe penye shida ni nyuma.

Si zamani sana ambapo madaktari walikuwa hawajayapa maumivu haya nafasi yake. Mwaka 1983 daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Norway, Ottar Sjaastad, pamoja na wenzake, walieleza wagonjwa ambao maumivu yao yalishika upande mmoja wa kichwa na yangeweza kuamshwa kwa kugeuza au kubonyeza shingo. Waliyapa jina linaloonyesha asili yake, maumivu ya kichwa yatokayo shingoni, na tangu hapo utafiti mwingi ukafuata.

Na ule mukwa je? Hapa kuna habari inayotuhusu sisi wa nyanda za juu moja kwa moja. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanyiwa wanawake Wakikuyu na Waluo hapa Kenya. Mmoja wa watafiti alikuwa mwanasayansi wetu, Geoffrey Maloiy. Wanawake walitembea kwenye mashine wakiwa na mizigo, Waluo wakiiweka utosini, Wakikuyu wakiifunga kwa kamba ya paji la uso, na hewa waliyovuta ikapimwa ili ijulikane mwili unatumia nguvu kiasi gani. Matokeo yaliwashangaza wengi: waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Watafiti walieleza pia kwamba wako wanaobeba hadi asilimia 70 ya uzito wao, na kwamba kwa wabebaji wa kamba ya paji, mara nyingi fuvu lilikuwa limeachwa na mfuo wa kudumu.

Someni tena hapo mwisho: mfuo kwenye mfupa. Ukikaa na bibi mzee wa Embu, Kirinyaga au Nyeri, umwombe kwa heshima akuonyeshe paji lake, huenda ukaugusa kwa kidole chako. Huo ni ushahidi wa ujasiri, na nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake. Lakini utafiti ule ulipima nguvu za mwili. Haukupima maumivu. Kuokoa pumzi si sawa na kuokoa shingo. Mwaka 2010 Jo-Anne Geere, ambaye mwenyewe ni mtaalamu wa fiziotherapia, aliandika na wenzake kuhusu watu wanaobeba maji katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, na wengi wao walilalamikia maumivu ya shingo na mgongo. Tena fikirieni hesabu hii: mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Mtoto wa kilo 40 akiubeba, amebeba nusu ya uzito wake.

Turudi kwa msichana. Nyanya alimpeleka kituo cha afya, na daktari, baada ya kumpima na kuona hakuna homa wala dalili ya hatari, akawaandikia barua ya kwenda hospitali ya Embu, ile watu huiita Level Five, waonane na mtaalamu wa fiziotherapia. Wakapanda matatu wakashuka mjini.

Mtaalamu alianza kwa maswali, hakuanza kwa mikono. "Kinaanzia wapi? Kikianza unakuwa unafanya nini? Kwa mwezi ni siku ngapi? Tembe unameza ngapi?" Msichana akajibu kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye tembe, nyanya akaingilia: "Kila siku, daktari. Ningefanya nini, na mtoto analia?"

"Ulifanya ulichoweza, cucu," mtaalamu akamjibu. "Lakini dawa hizi zikizoeleka, nazo hugeuka zikaleta maumivu."

Hilo ni kweli, na liwekeni akilini. Mtu mwenye maumivu ya kichwa akimeza dawa za kawaida za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaopita miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuwa chanzo kipya cha maumivu. Zile zilizochanganywa na kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Kuziacha kunahitaji ushauri wa daktari, kwa sababu siku za kwanza kichwa huuma zaidi kabla ya kutulia.

Kisha msichana akalala chali kitandani. Mtaalamu akashika kichwa chake kwa viganja viwili, akakiinamisha mbele mpaka kidevu kikakaribia kifua, na kikiwa kimeinama hivyo akakigeuza taratibu. Namna hiyo pingili za chini zinafungwa zisigeuke, na kinachobaki kupimwa ni kile kiungo cha pingili mbili za juu. Katika hali hiyo, shingo yenye afya hugeuka kama digrii 44 kila upande. Kushoto iligeuka bila shida. Kulia ilikwama mapema, kana kwamba imegonga ukuta. Mtaalamu akapeleka vidole chini ya kisogo upande huohuo, akabonyeza polepole.

"Hapo!" msichana akasema. "Hapo hapo! Jicho linauma!"

Kidole kiko kisogoni, maumivu yako jichoni. Nyanya alinyamaza, akamtazama mjukuu wake kwa macho mapya. Mtoto hakuwa anadanganya.

Tiba yake haikuwa ya miujiza. Mtaalamu alipasha joto misuli ya shingo, akailegeza kwa mikono, kisha akakisukuma kile kiungo kigumu kwa mwendo mdogo, wa kurudiarudia, usio na nguvu nyingi. Lakini kazi kubwa alimwachia msichana mwenyewe. Akamfundisha zoezi hili:

Lala chali, magoti yamekunjwa. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kichwa ili uso utazame dari sawasawa. Sasa itikia ndiyo, polepole sana, bila kuinua kichwa kutoka kwenye taulo, mpaka uhisi nyuma ya shingo inarefuka. Shikilia hapo kwa sekunde 10 huku ukipumua kama kawaida. Legeza. Rudia mara 10. Ukigusa misuli mikubwa ya mbele ya shingo kwa vidole, iwe laini. Ikikaza, umetumia nguvu kupita kiasi. Zoezi likizidisha maumivu au likileta kizunguzungu, acha.

Linaonekana dogo mno, sivyo? Linaamsha misuli ya ndani, iliyo karibu na mifupa, ambayo kazi yake ni kuishika shingo imara. Kwa watu wengi wenye maumivu haya, misuli hiyo imelegea, na ile ya juujuu ndiyo inayohangaika badala yake hadi ikakakamaa. La pili lilikuwa la mabega: kaa wima, vuta mifupa bapa ya mabega nyuma na chini, shikilia, legeza.

Je, kuna ushahidi? Upo. Mwaka 2002 Gwendolen Jull wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 200 wenye maumivu ya kichwa yatokayo shingoni. Waliwagawa makundi manne kwa kura: wa kutibiwa kwa mikono, wa mazoezi, wa vyote viwili, na wasiopewa tiba hiyo. Tiba ilichukua wiki 6. Makundi matatu yaliyotibiwa yalipata nafuu kuliko la nne, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Fikirieni: wiki 6 za kazi ndogondogo, na faida inaonekana baada ya miezi 12. Haba na haba hujaza kibaba.

Msichana hakupona siku ile. Mtaalamu alimwambia awe na daftari, aandike kila siku: kichwa kimeuma au la, kwa kiwango gani kati ya 0 na 10, alimeza nini, alibeba nini. Wiki ya kwanza daftari lilijaa. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu tembe zilikuwa zinapunguzwa. Ilipofika ya nne, kukawa na siku zilizoandikwa sufuri. Na daftari likafichua jambo: siku iliyofuata Jumamosi ya kuni, namba ilikuwa juu daima.

Hapo ndipo tiba ilipotoka hospitalini ikaingia nyumbani. Nyanya aliita kikao. Mtungi wa lita 20 ukawekwa kando, wakanunua miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, na safari ikawa mbili. Kuni zikawa zinasukumwa kwa wilibaro kila njia inaporuhusu. Na kaka yake, ambaye Jumamosi alikuwa akienda kutazama mpira mapema, akapewa zamu yake ya maji na ya kuni. Vitabu vikainuliwa juu ya sanduku ili macho yasitazame chini sana, na kila baada ya nusu saa msichana akawa anasimama, anazungusha mabega, anatembea hadi mlangoni na kurudi. Simu ikawa inainuliwa mpaka usawa wa uso.

Nawaomba vijana wa kiume mnisikilize kwa makini hapa. Fiziotherapia haiwezi kumponya dada anayerudi kubeba peke yake mzigo wa nyumba nzima. Ukichukua mtungi mmoja, umemtibu sehemu.

Sasa nina maonyo, na yote ni ya kweli.

Kwanza, si kila kichwa kinachouma ni cha shingo. Kipandauso kina dawa zake, ingawa usingizi wa kutosha, maji, chakula kwa wakati na mazoezi ya mara kwa mara huwasaidia wengi wenye nacho. Njaa, kiu na macho yasiyoona vizuri nayo huleta maumivu. Ndiyo maana daktari hupima kwanza.

Pili, kuna maumivu yasiyongoja. Kichwa kikikuuma ghafla kwa namna usiyowahi kuijua. Kikiambatana na homa na shingo ngumu isiyoinama. Kikianza baada ya kuanguka au kugongwa. Ukiona viwili viwili, mdomo ukapinda, mkono au mguu ukaishiwa nguvu. Ukiamka asubuhi baada ya asubuhi unatapika. Au maumivu yakizidi kila siku, basi mwambie mtu mzima papo hapo mwende hospitali. Hapo si mahali pa mazoezi.

Tatu, shingo yako usimpe kila mtu. Kuna vinyozi ambao wakimaliza kunyoa humkanda mteja, kisha humshika kidevu na kumzungusha shingo ghafla mpaka ilie ka! Watu hufurahia mlio ule. Lakini ndani ya pingili za shingo hupita mishipa ya damu inayoelekea kwenye ubongo, na mzunguko wa ghafla, ijapokuwa ni mara chache, unaweza kuichana na kuleta kiharusi. Mwambie kinyozi kwa adabu: "Shingo niachie." Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia tangu mwaka 2014, na baraza linalowasajili. Anayekutibu una haki ya kumuuliza amesomea wapi na kama amesajiliwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Shingo ya miaka 13 inafundishika upesi. Kiungo kigumu hulainika, misuli hujifunza, tabia hubadilika kabla haijaota mizizi. Ya miaka 60 nayo husaidika, na nyanya wa hadithi hii sasa hufanya lile zoezi la taulo pamoja na mjukuu wake kila usiku. Lakini aliyeanza mapema hufaidi miaka mingi zaidi.

Kwa hiyo kazi yenu ni hii. Darasani mkimwona mwenzenu ameinama, ameshika paji la uso, msimcheke wala msimwite mvivu. Muulizeni mambo matatu: maumivu huanzia wapi, yanamshika siku ngapi kwa mwezi, na je, shingo yake inageuka sawa kulia na kushoto? Kisha mtembee naye hadi kwa mwalimu au mzazi, mkamsaidie kueleza. Mtoto akiaminiwa mapema hufika mapema kwa mtu anayejua kumtibu, na huko ndiko nafuu inakoanzia.